Natafuta laptopu ndogo ya bei nafuu kwa ajili ya mke wangu, safari hii sitaki kukosea

Mleta uzi

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada wenu, na nitaeleza kwa kirefu kidogo ili anayetaka kunishauri anishauri akijua hali ilivyo.

Mke wangu anafundisha masomo ya ziada nyumba kwa nyumba, na usiku anasoma shahada yake kwa njia ya mtandao. Asubuhi anatoka na mkoba mmoja begani: vitabu, daftari la mahudhurio, chupa ya maji na laptopu. Anatembea, anapanda basi, anatembea tena. Anatunga mitihani kwenye Word, anajaza alama kwenye Excel, anasoma makala za PDF, na mara mbili kwa wiki ana kipindi cha video na mhadhiri wake. Hachezi magemu wala hahariri video.

Mwaka jana nilimnunulia laptopu mpya kabisa, ya inchi 11.6, nyepesi, rangi nzuri, ndani ya boksi lake. Nilichoangalia ni uzito na bei, basi. Ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Kisha Windows ikaanza kudai nafasi ili ijisasishe, na nafasi haipo. Tukafuta picha, tukafuta programu, tukahamishia mafaili kwenye flashi, bado. Sasa hivi anabonyeza kitufe cha kuwasha, anakwenda kukunja nguo, anarudi, kiduara bado kinazunguka.

Kilichoniuma ni hiki. Wiki iliyopita niliamka usiku kunywa maji nikamkuta amekaa jikoni anaandika insha ya kozi yake kwenye simu, kwa kidole gumba, laptopu imefungwa pembeni. Nikamuuliza tangu lini anafanya hivyo. Akasema tangu muhula uliopita. Hakuniambia kwa sababu ilikuwa zawadi yangu.

Bajeti yangu haijaongezeka sana. Nafikiria kitu kisichozidi kilo moja na nusu, kioo kisichozidi inchi 14, na betri ya kumvusha mchana. Ninunue mpya ya bei ya chini kwa mara nyingine au niende kwenye mtumba? Nisaidieni mawazo.

Nafuatilia

Nimeweka alama hapa. Na mimi natafuta ya mchumba wangu anayeanza chuo.

Fundi Bodi

Pole mkuu, na mpe pole shemeji. Mashine za namna hiyo zinaletwa mezani kwangu mara kwa mara, na wenyewe huwa wanadhani ni virusi. Si virusi.

Hiyo GB 64 si SSD, ile hifadhi ya kasi ya kompyuta. Ni eMMC, hifadhi ya jamii moja na ile ya simu za bei ya chini, imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi. Huwezi kuichomoa ukaweka kubwa. Njia yake ya data haivuki MB 400 kwa sekunde hata ikiwa katika hali bora kabisa, na kwenye kazi halisi ya Windows, yaani kusoma na kuandika mafaili madogo madogo mengi kwa wakati mmoja, inashuka chini sana ya hapo. SSD ya kawaida ya SATA inakimbia kama MB 550, na SSD za aina ya NVMe zinapita hapo mara kadhaa.

Microsoft wenyewe wameweka GB 64 za hifadhi na GB 4 za RAM kuwa kiwango cha chini kabisa cha Windows 11. Kiwango cha chini maana yake mashine itakubali kuwaka. Hawakusema itafanya kazi ya mtu kwa raha.

Sasa angalia kinachotokea shemeji akiwasha. Windows yenyewe, kabla hajafungua kitu, inaweza kumeza zaidi ya nusu ya hizo GB 4. Anafungua kivinjari chenye kurasa sita, Word, na kipindi cha video. RAM inajaa. Ikijaa, kompyuta inaazima nafasi kwenye hifadhi, na hifadhi yenyewe ndiyo hiyo eMMC iliyojaa pomoni. Hapo unapata magonjwa mawili yanayolishana, na hakuna programu ya "kusafisha" itakayokuokoa.

Kwa hiyo msingi wako uwe huu: RAM GB 8 kwenda juu, na SSD ya kweli ya GB 256. Chini ya hapo usifungue hata pochi. Uzito na rangi tutazungumza baadaye.

Kishikwambi Kinatosha

Mkuu, kwa kazi hizo kwa nini usimpe kishikwambi na kibodi ya kubandika? Chepesi, betri inadumu, kinawaka papo hapo.

Mleta uzi

Nilijaribu, ndugu yangu. Nilimwazimia cha kaka yangu kwa siku mbili. Kusoma PDF alikipenda sana. Lakini anakofundisha mara nyingi hakuna meza, anakaa kwenye kochi au kiti cha plastiki na kufanyia kazi mapajani, na kile kinategemea mguu wa nyuma wa kukisimamishia. Kikawa kinaanguka kwa nyuma kila akisogea. Na jedwali lake la alama lina safu nyingi, kwenye Excel ya kishikwambi alikuwa anatafuta vitufe kuliko kujaza alama. Amekirudisha mwenyewe.

Dada Mwandishi

Naomba niseme kama mwanamke ambaye nimenunuliwa laptopu mara mbili na mume wangu, zote kwa nia njema, na zote mbili sikuzipenda.

Kaka, katika maelezo yako yote sijaona mahali ulipomuuliza yeye. Umetaja inchi, umetaja kilo, umetaja betri. Hayo ni makisio yako juu ya mwili wake na siku yake. Najua utamu wa kumshtukiza mtu na zawadi, lakini laptopu ni kama viatu: hununulii mguu ambao haujajaribu. Na umeona mwenyewe zawadi ilivyomfunga mdomo. Ametaabika muhula mzima akiandika kwa kidole gumba ili asikuvunje moyo.

Mpeleke akaguse. Muhimu kuliko yote ni kibodi. Kwenye kibodi ya ukubwa kamili, kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya kinachofuata ni kama milimita 19. Laptopu ya inchi 13 inaenea hapo bila shida. Ukishuka kwenye inchi 11 na chini yake, watengenezaji wengi wanaanza kubana, na wanaanza na vitufe vya pembeni: mshale, nukta, Shift ya kulia, kile cha kufutia. Anayeandika kurasa tatu kwa siku atajikuta anakosea palepale kila siku. Waliokuwepo 2007 wanakumbuka Eee PC ya kwanza ya Asus, kioo cha inchi 7 na nukta za picha 800 kwa 480. Ilikuwa ndogo ya kupendeza, na niliandikia ripoti moja tu nikairudisha kwa mwenyewe.

Halafu kioo. Mwombe afungue makala ya PDF, aisome kwa dakika tano akiwa amekaa kama anavyokaa kazini. Nukta 1366 kwa 768 zinamaanisha kusogeza ukurasa kila baada ya mistari michache. Atafute 1920 kwa 1080, na kioo cha IPS ambacho hakibadiliki rangi ukiinamisha kichwa.

Na upime mkoba wake. Usipime laptopu peke yake, pima mkoba mzima kama anavyotoka nao asubuhi.

Mleta uzi

Dada, nimesoma maneno yako mara mbili. Asante. Jana jioni nilikaa naye, nikamwambia ukweli kwamba nimeona, na kwamba laptopu ile nilikosea mimi. Tukazungumza kuliko tulivyowahi kuzungumza juu ya kazi yake.

Tumepima mkoba. Kilo 5.4. Laptopu 1.1, chaja 0.3, chupa ikiwa imejaa 1.0, daftari na vikorokoro 0.4. Vilivyobaki, kilo 2.6, ni vitabu na karatasi zilizochapwa. Nikamuuliza karatasi zote hizi za nini wakati unazo kwenye kompyuta. Akanijibu: "Kwa sababu siiamini. Nikifika kwa mwanafunzi ikakataa kuwaka, nitafundisha nini?"

Yaani laptopu niliyoinunua kwa sababu ni nyepesi ndiyo inayomfanya abebe kilo mbili na nusu za vitabu na karatasi. Nilikuwa napima kitu kisicho chenyewe.

Mengine aliyoyasema: hajali rangi. Anataka akifunua iwake. Anataka achaji kwa chaja moja pamoja na simu ikiwezekana. Anataka kamera isiyomfanya aonekane kivuli. Na anataka bawaba ngumu, kwa sababu ya kufanyia kazi mapajani.

Mtumba Safi

Hapo sasa umepata dira. Kwa bajeti ndogo na mahitaji hayo, mimi nakwenda moja kwa moja kwenye laptopu za kiofisi zilizotumika. Makampuni makubwa hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache kwa utaratibu, hata kama bado ni nzima, na hizo ndizo zinazoingia sokoni. Zilijengwa kwa ajili ya mtu anayesafiri kikazi: bawaba za chuma, kibodi nzuri, nyingine zinavumilia hata kumwagikiwa na maji kidogo.

Familia tatu za kuangalia ni ThinkPad za herufi X kutoka Lenovo, Latitude za namba 7 kutoka Dell, na EliteBook 830 kutoka HP. Tafuta za inchi 12.5 au 13.3, nyingi zinazunguka kwenye kilo moja na robo, zidi au pungua kidogo.

Mstari wa kukata ni kizazi cha 8 cha prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta. Sababu ni mbili. Kwanza, Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inatambua rasmi kuanzia kizazi hicho, ukiacha prosesa chache za kabla yake. Kwa laptopu zenye prosesa za AMD, washindani wa Intel, anzia Ryzen za mfululizo wa 3000. Pili, kwenye kizazi hicho Intel waliongeza viini, zile sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja. i5-7200U ina viini 2, i5-8250U iliyoifuata ina 4. Kwa jicho la mnunuzi zote zinaitwa "Core i5", na wauzaji wengi wataishia hapohapo. Soma tarakimu ya kwanza baada ya kistari: ikiwa 8, uko salama. Ikiwa namba inaanza na 10 au 11, vizuri zaidi.

Onyo moja kuhusu ThinkPad X280: RAM yake imechomelewa. Ikija na GB 4 itabaki na GB 4 maisha yake yote. X270 ya kabla yake inabadilishika RAM na hata betri ya nyuma unaichomoa kwa mkono, lakini prosesa zake ni za kizazi cha 6 na 7. EliteBook 830 G5 ina nafasi mbili za RAM, na hiyo ndiyo ningeinunua mimi.

Mpya Kwanza

Nawaheshimu wakuu, ila mtumba una bahati nasibu yake. Betri imechoka, dhamana ya wiki chache, hujui aliyeitumia aliitumiaje. Siku hizi kuna mpya za bei ya chini zenye prosesa ya Intel N100, ni tofauti kabisa na zile prosesa za Celeron za zamani. N100 ilitoka 2023, ina viini 4 na imepangiwa wati 6 tu, laptopu nyingine za namna hiyo hazina hata feni. Akipata yenye RAM GB 8 na SSD, kwa nini asichukue? Na ana dhamana ya mwaka.

Fundi Bodi

Mpya Kwanza ana hoja, na nisingependa ipuuzwe. N100 kwa Word, Excel na kipindi cha video inatosha. Nimezifungua kadhaa. Ninachokionea mashaka kwenye laptopu hizo ni vinavyoizunguka prosesa: maganda ya plastiki laini, bawaba zilizoshikiliwa na skrubu ndogo kwenye plastiki hiyohiyo, kioo hafifu, kamera ya hovyo. Kwa mtu anayeifungua na kuifunga mara nane kwa siku akiwa ameiweka mapajani, bawaba ndiyo itakayokufa kwanza, na ganda likishapasuka pale bawaba iliposhikilia, matengenezo yake hayana mwisho mzuri.

Kwa anayekaa nyumbani mezani, N100 mpya yenye dhamana. Kwa shemeji, kwa maelezo tuliyopewa, mtumba wa kiofisi. Ila wewe Mpya Kwanza ukimshauri mtu, mwambie ahakikishe kwa macho kwamba kuna neno SSD au NVMe. Bado zipo za N100 zinazouzwa na eMMC, na bado zipo zenye GB 4.

Nafuatilia

Na Chromebook je? Na MacBook Air?

Mtumba Safi

Kwa kifupi. Chromebook, yaani laptopu za mfumo wa Google, ni nzuri kama kazi zote ziko kwenye kivinjari, lakini shemeji anatumia Word na Excel kamili na mara nyingi hana intaneti njiani. Kama inamfaa mchumba wako, angalia tarehe ya mwisho ya masasisho kwanza. Google wanatoa miaka 10, inayohesabiwa tangu jamii ya mashine hiyo ilipotoka na si tangu siku uliyonunua, hivyo ya mtumba inaweza kuwa imebakiza michache tu.

MacBook Air yenye prosesa ya M1 ya mwishoni mwa 2020 ni mashine safi: kilo 1.29, haina feni, betri inashinda zote zilizotajwa hapa. Ukiipata ndani ya bajeti chukua, lakini hakikisha mwenye nayo ameitoa kwenye akaunti yake mbele yako. Na GB 8 ikiwa GB 8 haiongezwi, SSD nayo haibadilishwi. MacBook za kati ya 2015 na 2019 zenye kibodi ya vitufe vifupi vya kipepeo, ziache.

Fundi Bodi

Mleta uzi, kabla hujatoa hela, nakuomba ufanye mambo haya hapohapo ulipoikuta. Yatakuchukua kama nusu saa. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia.

La kwanza na ambalo watu hawalijui. Laptopu za kiofisi nyingi ziliandikishwa kwenye mfumo wa kampuni iliyozimiliki. Ukiifuta na kuiweka Windows upya ikiwa imeunganishwa na intaneti, inajitambulisha kule, na inakutolea ukurasa wenye jina la kampuni unaodai akaunti ya kazi. Baadhi ya wauzaji wanakwepa kwa kuweka Windows bila intaneti, kwa hiyo siku ya kwanza unaiona nzima. Miezi sita baadaye unairudisha upya, umefungiwa nje. Hivyo iwekwe upya mbele yako ikiwa imeunganishwa, hata kwa intaneti ya simu yako. Halafu iwashe tena uingie kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Ikikudai nenosiri ambalo muuzaji halijui, mrudishie kwa heshima uondoke.

La pili ni betri. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport. Itatengeneza ukurasa wenye namba mbili: uwezo betri iliyozaliwa nao na uwezo iliobakiwa nao sasa. Gawanya. Chini ya asilimia 60, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya laptopu. Na namba hiyo inakupa saa bila kubahatisha: mashine za namna hii zikifanya kazi nyepesi zinakula kama wati 6, kwenye kipindi cha video zinaweza kufika 12. Chukua Wh (wati-saa) zilizobaki ugawanye kwa wati hizo mwenyewe.

La tatu, fungua Notepad ubonyeze kila kitufe, kimoja kimoja, mpaka vile vya pembeni. Fungua kamera, rekodi sauti yako usikilize. Chomeka kitu kwenye kila tundu. Weka ukurasa mweupe mtupu kioo kizima, kisha mweusi mtupu, utafute madoa. Shika kioo kwa pembe moja uinue: laptopu isitikisike. Na chaji kwa tundu la USB-C, siyo lile la duara tu, maana tundu hilo ndilo litakalomwezesha shemeji kutumia chaja moja ya wati 65 na simu yake. Chaja ya simu yenyewe ya wati 18 au 20 haitatosha, itachaji kwa kusuasua au itakataa kabisa.

Uliyeulizia ya mchumba, haya ni yako pia.

Dada Mwandishi

Naongeza: uende naye. Na wakati Fundi wako wa moyoni anapima betri, mwache yeye akae kwenye kiti, aiweke mapajani, aandike aya nzima ya kitu chochote. Usimsemeshe.

Mleta uzi

Wakuu, narudi na majibu.

Tulikwenda pamoja Jumamosi. Tuliangalia nne. Ya kwanza ilikuwa Latitude ya inchi 12.5, nzuri kweli, ila mke wangu alipoandika mistari miwili akanitazama akatikisa kichwa. Mimi ningeichukua, kwa sababu ilikuwa ndogo kuliko zote. Ya pili, X280 safi, RAM GB 4. Niliiacha kwa sababu ya uzi huu, na muuzaji aliniambia "utaongeza tu baadaye." Ya tatu tuliiweka Windows upya ikiwa kwenye intaneti ya simu yangu, na kweli, Fundi, ukatokea ukurasa wenye jina la kampuni unadai barua pepe ya kazi. Muuzaji mwenyewe alionekana kushangaa. Singejua kamwe.

Ya nne ni EliteBook 830 G5, i5-8350U, RAM GB 8 kwenye nafasi moja, nyingine iko wazi, SSD GB 256. Mfuniko una mkwaruzo mrefu kama sindano ya kushonea viatu. Mke wangu aliketi kwenye stuli, akaiweka mapajani, akaandika. Nilisimama mbali. Aliandika muda mrefu hadi muuzaji akaanza kuhudumia mtu mwingine. Alipoinua kichwa aliniambia, "Hii." Nilipokwenda kusoma alichoandika, nikakuta ni ule mwanzo wa insha aliokuwa anauandika kwenye simu usiku ule.

Betri: ilizaliwa na Wh 50, imebaki na 39. Asilimia 78. Kwa hesabu ya Fundi ni saa sita na nusu za kazi nyepesi.

Mkoba nimeupima tena leo asubuhi, baada ya wiki mbili, sikutaka kuwahi. Laptopu 1.3, chaja mpya ya USB-C 0.2, chupa 1.0, daftari na vikorokoro 0.4, vitabu na karatasi 0.9. Jumla kilo 3.8. Laptopu ni nzito kuliko ya zamani kwa gramu mia mbili. Karatasi alizipunguza mwenyewe, sikumwambia.

Mpya Kwanza

Hongera sana mkuu. Nimejifunza kitu hapo kwenye ukurasa wa kampuni. Ile ya zamani utaifanyia nini?

Fundi Bodi

Usiitupe. Iwekee Linux nyepesi (mfumo mwingine badala ya Windows), itawaka vizuri kwa mtoto kujifunzia kuandika na kusoma. Ila kwanza toeni mafaili yote ya shemeji, na muwe na nakala sehemu mbili. eMMC ikifa, huwa inakufa na vilivyomo.

Dada Mwandishi

Nimefurahi mno kusoma hiyo ya insha. Kipindi cha video kimekwendaje? Hapo ndipo ya kwangu ilipokuwa inanitesa.

Mleta uzi

Nilisubiri cha juzi kiishe ndiyo nijibu. Kipindi cha saa mbili bila kuchomeka umeme, kamera imewashwa muda wote, kimekula asilimia 61 ya betri. Hakikukatika hata mara moja. Feni ilisikika kidogo katikati, akasogeza mto uliokuwa umeziba matundu ya chini, ikatulia. Kamera ni ya wastani, amehamisha kiti kikaangalia dirisha, sasa anaonekana.

Siku zenye kipindi cha mchana atalazimika kubeba chaja, na hilo amelikubali. Mwezi ujao nataka nimwekee RAM nyingine GB 8 kwenye ile nafasi iliyo wazi, halafu betri mpya. Fundi, niandikie nitafute betri gani, nisije nikauziwa isiyo yake.

Fundi Bodi

Inaitwa SS03XL. Lakini fungua mfuniko wa chini kwanza usome lebo ya iliyomo, skrubu zake ni tano na hazitoki kabisa, zinalegea tu. Picha ya lebo iweke hapa kabla ya kununua. Na RAM iwe DDR4 ya laptopu, ulinganishe na mwendo ulioandikwa kwenye ile uliyonayo.